Sigara ya Bi Kidude

Aprili 2013, siku chache baada ya kuzikwa Fatuma binti Baraka, ambaye sote tulimwita Bi Kidude, niliandika shairi la maombolezo lenye beti 12. Lilisomwa katika hafla mbili tatu, likasifiwa. Juzi nimelitoa katika mkoba wa karatasi zangu kuukuu, nikalisoma kama ninavyosoma mashairi ya wenzangu, nikaona haya. Beti tatu zinahusu umri wake. Mbili zinahusu sigara. Mmoja unahusu miguu iliyokuwa peku, mmoja ngoma, na zilizobaki ni dua na sifa ambazo angeweza kupewa bibi kizee yeyote wa visiwa hivi. Hakuna mshororo hata mmoja unaosema Bi Kidude aliimba nini.

Nami ni mtu wa maneno. Ushairi sikuusomea chuoni. Niliufunzwa na redio, na santuri za jirani, na wazee wa barazani waliosahihisha mizani yangu kwa kucheka. Nyimbo zake nilizijua kwa moyo. Ikiwa mimi niliyezijua niliandika sigara, nimlaumu vipi mgeni asiyejua hata neno moja?

Maana mgeni aliletewa sura kabla ya sauti. Kufikia mwaka 2005, alipotunukiwa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, Bi Kidude alikuwa ameshakuwa picha: uso wenye makunyanzi, moshi, kicheko cha meno machache. Filamu iliyomsimulia mwaka 2006 ilibeba umri katika jina lake. Kila mwandishi aliyeshuka bandarini alitaka kujua ana miaka mingapi, na bibi mwenyewe aliikadiria kwa zama za rupia, jawabu ambalo halikumtosheleza mwandishi lakini lilimpa kichwa cha habari. Alipofariki, magazeti yalishindana kwa tarakimu.

Sisemi kwamba alidhulumiwa. Picha ile ilimfikisha nchi ambazo nyimbo peke yake zisingemfikisha, naye aliijua vyema thamani yake. Nani kati yetu hakumwona akiipisha kamera kwa makusudi? Ninachouliza ni kilichobaki mikononi mwetu, sisi tunaofahamu lugha, baada ya moshi kutawanyika.

Kilichobaki kinaanzia kwa Siti binti Saad. Siti, mzaliwa wa Fumba, binti wa mfinyanzi aliyewahi kuchuuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizosikika mwambao wote. Inasimuliwa Unguja kwamba mahasidi walimwimba kwa ubaya wa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo kuwa sura si hoja, la maana ni akili. Bi Kidude alizirithi nyimbo za mwanamke huyo kwa kuzisikiliza. Kisha sisi tukamrithi Bi Kidude kwa kumtazama.

Chukua "Kijiti", wimbo wa Siti ambao Bi Kidude aliuimba hadi uzeeni. Kisa chake ni cha kweli, cha Unguja ya Mwingereza. Mwanamke alitoka Dar es Salaam kuja kutembea, akachukuliwa ngomani na mwanamume aitwaye Kijiti, akauawa. Muuaji akatorokea bara. Waliotiwa hatiani ni wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi, kwa kosa la kununua ulevi wa usiku ule. Wimbo hauhubiri. Unataja watu, unataja hakimu na hasira zake, unamwacha msikilizaji na hesabu isiyolingana. Sijui habari ya gazeti la wakati ule iliyosema zaidi ya hayo kwa maneno machache kama yale.

Mgeni mmoja aliyekuwa akitayarisha kijitabu cha onyesho aliwahi kuniomba nimfasirie wimbo huo. Nilikesha siku mbili. Aliporudi, aliupenda, ila akaniomba nipunguze tafsiri iwe sentensi mbili, ili ipatikane nafasi ya kueleza umri wa mwimbaji na mapenzi yake ya tumbaku. Nilipunguza. Sikupinga hata kidogo. Nilihitaji ujira, na ujira nikaupokea. Kwa hiyo wasikilizaji wa usiku ule walishangilia kisa cha mauaji kwa kupiga vigelegele, wakidhani ni wimbo wa furaha ya visiwani, na sehemu ya kosa ni yangu.

Ngoma nayo ina yake. Alipoupanda msondo jukwaani na khanga kiunoni, ukumbi ulimwona kikongwe shupavu. Wanawake waliopita mikononi mwake walimwona somo wao. Kazi yake ya unyago ilikuwa kumfundisha mwari kwa nyimbo mambo ambayo hayasemwi hadharani, na mimi, kama mwanamume, sina ruhusa ya kuyadai. Nakumbuka tu onyesho moja ambapo kina mama waliokaa nyuma walianza kucheka kabla mshororo haujaisha, nasi wengine tukacheka baada yao, kwa kufuata mkumbo.

Na sauti? Wengi wameiita nzito, yenye mikwaruzo, wakaridhika. Mshairi asikilize jambo jingine: pumziko. Nyimbo za taarabu ya asili aghalabu hukatwa vipande viwili kila mshororo, na waimbaji wengi huvuka kutoka kipande cha kwanza kwenda cha pili kwa mapambo ya koo. Yeye, masikioni mwangu, alikuwa akisimama pale katikati kama mtu anayeamua iwapo aseme au anyamaze, kisha akakiangusha kipande cha pili karibu kama maongezi. Katika "Muhogo wa Jang'ombe" kimya hicho ndicho kinachomwambia msikilizaji wa Unguja kwamba anayeimba haongelei chakula.

Nimelirudia shairi langu. Beti za umri nimezifuta zote, na mahali pake nimemweka mwanamke wa Dar es Salaam, pamoja na mashahidi waliofungwa. Zimebaki beti saba. Sigara nimeitoa kila mahali isipokuwa katika ubeti wa nne, ambako kina cha -ra kimenishinda kukipatia neno jingine.