Sura za Uhalisia katika Riwaya

Uhalisia katika riwaya ni ufundi wa kumfanya msomaji asadiki kwamba anayoyasoma yangeweza kumpata jirani yake, na sura zake ni nyingi. Huko Marekani, William Dean Howells aliutetea kwa kuandika maisha ya kawaida ya watu wa tabaka la kati. Mark Twain alimwacha Huckleberry Finn, mtoto wa mlevi, asimulie kwa lahaja yake mwenyewe. Theodore Dreiser, katika Sister Carrie (1900), alionyesha jinsi jiji na fedha vinavyoweza kumburuta mtu.

Riwaya ya Kiswahili ilifika hapo kwa njia yake. Wahusika wa Shaaban Robert hubeba tabia zao katika majina: Utubora anajulikana kuwa mwema kabla hajatenda lolote. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliacha mtindo huo katika Rosa Mistika (1971). Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Hakuna haja ya kumpa Zakaria jina la uovu. Barua ile na kipigo kile vinatosha, na madhara yake yanamfuata Rosa hadi chuo cha ualimu. Ujasiri huo ulikigharimu kitabu, kwani kwa muda kilipigwa marufuku shuleni.

Huo ni uhalisia hakiki, unaoikosoa jamii kwa kuionyesha ilivyo. Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi inaelekea uhalisia wa kijamaa: dhiki ya Rashidi, mpagazi wa bandari ya Unguja, inageuka kuwa dhiki ya wenzake wote, hadi mgomo wa 1948. Aina hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, maana shujaa wake huponzwa kwa urahisi na hotuba. Baadaye Kezilahabi mwenyewe aliupa uhalisia kisogo katika Nagona (1990).

Mahali kama Endasak, kwenye barabara ya Babati hadi Katesh, panaudai ufundi huu kwa ukali zaidi. Twain alichagua lahaja ya lugha moja. Hapa Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatooga ni ya Kinailoti, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu shuleni na sokoni. Mzee wa Kibarabaig, msemaji wa Kidatooga, akisemeshwa Kiswahili cha Mji Mkongwe, ukurasa mzima unapoteza imani ya msomaji. Akisemeshwa Kiswahili kibovu ili achekwe, mwandishi amemdhulumu. Njia iliyo bora ni sentensi fupi, nyofu, zenye mpangilio wa mawazo yake. Visa navyo havikosekani: mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada, yaliwanyang'anya Wabarabaig malisho, na Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilifunika makazi ya Katesh na Gendabi. Kisa cha kwanza kinahitaji mwandishi wa umma unaodai haki. Cha pili kinamhitaji anayeweza kuufuata mto wa tope nyumba kwa nyumba, bila kumtafutia kila marehemu kosa lililomponza.