Kitako cha Bakuli na Maneno ya Keezo

Atafutaye neno keezo katika kamusi zetu hatalikosa. Madan alilitia katika kamusi yake ya 1903, Johnson akalirithi katika ile ya 1939, pamoja na kitenzi chake kereza. Msomaji huambiwa kwamba keezo ni chombo cha kukerezea mti, na habari hukomea hapo. Akitaka kujua keezo lina viungo gani, na mti hushikwaje ndani yake, kamusi humwacha mlangoni. Nathubutu kusema kwamba upungufu huu si mdogo, kwa sababu kazi ya kukereza nusu yake ni kukata na nusu yake ni kushika, nasi tumeandikiwa ile nusu ya kwanza tu.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kamusi hizo zimempa kereza maana mbili: kukata kwa msumeno, na kukata mti unaozungushwa katika keezo. Msomaji wa leo, aliyezoea mashine ya umeme, ataona maana hizi hazina udugu. Msumeno huenda na kurudi, na mti umetulia; katika keezo mti ndio uendao, na chuma kimetulia. Nadhani kosa hapa si la kamusi. Keezo la kale liliendeshwa kwa uta ambao kamba yake imeviringishwa mtini: uta ukisukumwa mti huzunguka huku, ukivutwa huzunguka kule. Chuma hukata katika mzunguko mmoja, na katika ule wa kurudi fundi hukilegeza, kama vile meno ya msumeno yanavyokula upande mmoja na kupita bure upande wa pili. Yaelekea basi kwamba kilichoziunganisha maana hizi mbili katika neno moja ni mwendo wa kwenda na kurudi, mwendo ambao mashine ya umeme imeuondoa. Hii ni dhana yangu, na mwenye ushahidi wa kuivunja atakuwa amenifaa. Lakini tazama: mstari mmoja tu juu ya uta, katika maelezo ya keezo, ungalitosha kumpa msomaji njia ya kulifikiri jambo hili mwenyewe.

Nitwae sasa kazi moja ambayo ndani yake kushika ni kugumu kuliko kukata, nayo ni kumalizia kitako cha bakuli la mti. Fundi hufunga pande lake kwa upande utakaokuwa kitako, ama kwa skrubu zinazopita katika sahani ya chuma, ama kwa kuacha kigutu kifupi kinachoumwa na taya za mashine. Hukereza nje, kisha tumbo la ndani, mpaka mdomo uwe laini. Kimebaki kitako, nacho kina matundu ya skrubu au kile kigutu, wala hakiwezi kuguswa kwa kuwa ndicho kilichoshikwa. Lazima bakuli ligeuzwe, lishikwe kwa mdomo, ambao sasa pengine una unene wa milimita 5, na kitako kiwe wazi mbele ya chuma. Tena kitako hakitakiwi kuwa bapa kabisa. Hukerezwa kwa kibonyeo kidogo, ili bakuli likae juu ya ukingo wake lisiyumbe.

Namna ya kale ya kulishika, na hata leo ya kuaminika, ni kuchukua kipande cha mti usio na kazi, kukifunga katika keezo, na kukikereza kiasi kwamba mdomo wa bakuli ukiingizwa unakwama wenyewe bila gundi wala msumari. Kipimo chake ni cha kuhesabu nywele. Kikilegea, bakuli huruka. Kikikaza mno, mdomo hupasuka. Na kama mti ulikerezwa ukiwa mbichi, mdomo hauwi duara tena, maana mti ukaukapo hunywea kwa kufuata mviringo wa pete zake karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka moyo kwenda ganda. Hapo fundi mwenye busara haamini mkwamo peke yake. Husogeza ncha ya nguzo ya pili ya keezo mpaka iguse katikati ya kitako, ikilikandamiza bakuli lisitoke. Hukereza kuizunguka ncha hiyo, na mwisho hubaki kinundu chembamba, ambacho hukatwa kwa patasi baada ya keezo kusimama.

Vinundu hivyo si vya mashine za umeme tu. George Lailey wa Bucklebury huko Uingereza, aliyefariki mwaka 1958, alikereza mabakuli kwa keezo la kukanyagwa kwa mguu, na katika pande moja alitoa mabakuli kadhaa, moja ndani ya jingine. Keezo lake limewekwa katika makumbusho ya maisha ya mashambani mjini Reading. Katika keezo la namna ile mti hukaa baina ya ncha mbili tangu mwanzo hata mwisho, hivyo kigutu hubaki tumboni na kingine kitakoni, navyo huondolewa kwa mkono.

Je, ile ncha ikandamizayo tuiiteje? Hapa ndipo ninapokuwa na kesi na watunga kamusi, kwa sababu wenyewe walikuwa na jibu mkononi. Lifungue neno kekee, yaani chombo cha kutobolea mbao kiendeshwacho kwa uta. Tangu orodha ya maneno ya Steere, ambaye kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1870, neno hili limeelezwa kiungo kwa kiungo: chuma chenyewe ni kekee, mti uliokichukua ni msukano, mpini ambao msukano huzunguka ndani yake ni jivu, na upinde ni uta. Kamusi zilizofuata zimeyahifadhi maelezo hayo. Kwa nini kekee lipewe viungo vyake vyote, na keezo, ambalo ni ndugu yake wa uta na kamba, lisipewe hata kimoja? Labda mwandishi wa kwanza alikutana na seremala mwenye kekee kibarazani, asikutane na mkerezaji. Walakini waliokuja nyuma yake hawakuwa na udhuru, kwani miguu ya vitanda iliyokerezwa, ile matendegu, ilikuwamo katika nyumba walizozizuru, na hilo neno tendegu wamelitia kamusini.

Jivu la kekee hufanya kazi ile ile: lenyewe halizunguki, hukandamiza, na kinachozunguka hupata mahali pa kutulia ndani yake. Sioni sababu ya kutolihamishia katika keezo. Atakayelalamika kwamba litachanganywa na majivu ya moto na atazame ni mara ngapi fundi na mpishi hukaa katika sentensi moja.

Juu ya vitenzi nina malalamiko mengine, nayo yawahusu wafasiri wa vitabu vya ufundi. Kila mahali pa kushika huandikwa shikilia, na kila kishikacho huitwa kibano. Lakini kubana ni kukaza kutoka nje kuja ndani. Taya za mashine zikiingizwa katika kishimo cha kitako hazibani, hutanua. Na mwanafunzi aliyeambiwa abane hapo, akazidisha nguvu, atakipasua kitako akidhani ametii kitabu. Vivyo hivyo ipo namna ya kulishika bakuli kwa pampu inyonyayo hewa nyuma yake. Hapo hakuna kibano wala mkono: hewa ya nje ndiyo isukumayo, karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba kama pampu ingeweza kuitoa hewa yote, na ufa mdogo katika mti hulitosha bakuli kuanguka. Neno shikilia halimwonyi msomaji juu ya ufa huo.

Kwa bakuli lililogeuzwa na kukwamishwa, kitenzi kipo, nacho ni shikiza. Washonaji wanalijua: nguo hushikizwa kwa nyuzi za muda kabla ya kushonwa, na nyuzi hizo hutolewa. Ndani yake mna mambo mawili ambayo shikilia haina, kwamba kushika huku ni kwa muda, na kwamba kumewekwa ili kazi nyingine ipite. Kile kipande cha mti kilichokerezwa kwa ajili ya mdomo wa bakuli kitakuwa shikizo, neno ambalo nalo limo kamusini likingoja kazi. Wengine watapenda neno la kigeni lililovishwa herufi zetu. Sina ugomvi nalo karakanani; katika kamusi nataka kwanza lile ambalo mshonaji atalielewa bila kuonyeshwa mashine.

Ningependa basi maelezo ya keezo yasomeke hivi, au karibu na hivi: Keezo (ma-), chombo cha kuzungushia mti ili ukatwe kwa chuma kilichotulia, zamani kiliendeshwa kwa uta na kamba, mti ukienda na kurudi, siku hizi kwa umeme, mti ukienda upande mmoja, ncha isiyoendesha, ikandamizayo mti, ni jivu, kipande cha kushikia kwa muda kazi iliyogeuzwa, kama bakuli linapomaliziwa kitako, ni shikizo. Linganisha kereza, kekee, tendegu.