Ustadi wa BTK, mlezi wa seli B

Mwaka 1952 daktari wa watoto katika jeshi la Marekani, Ogden Bruton, aliandika habari za mvulana wa miaka minane aliyeandamwa na bakteria: akipona leo, baada ya muda anaugua tena. Bruton alipoipima damu yake, alikuta ile sehemu ya protini yenye kingamwili haipo. Akaanza kumdunga kingamwili zilizotokana na damu ya watu wengine, na mtoto akapata nafuu. Chanzo cha ugonjwa huu kilijulikana mwaka 1993: kasoro ya jeni moja kwenye kromosomu X. Kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo kikapewa jina la daktari huyo, na kwa kifupi huitwa BTK.

Kila ninapokisoma nazidi kukistaajabia. Ni mnyororo wa asidi amino 659, na kazi yake ni kuchukua fosfeti kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye protini nyingine. Ustadi wake umo katika kusubiri. Seli B, yaani chembe nyeupe ya damu ya ukoo unaotengeneza kingamwili, ikiwa imetulia, BTK huelea ndani yake kikiwa kimejikunja, hakigusi kitu. Kipokezi kilicho juu ya seli kikinasa kimelea, mafuta ya aina maalumu hutengenezwa upande wa ndani wa utando, na BTK huenda kujishikiza hapo. Lyn na Syk, vimeng'enya wenzake, hukibandikia fosfeti kwenye tairosini ya 551. Sasa kimeamka. Nacho hukiamsha kingine, PLC-gama-2, kalisi hufurika ndani ya seli, na seli huanza kugawanyika. Kazi ikiisha, fosfeti huondolewa na BTK hutulia tena.

Malezi yenyewe huanza mapema zaidi, kwenye uboho wa mifupa. Seli changa ikishaunda kipande cha kwanza cha kipokezi chake, lazima ipate ishara kwamba kipande hicho kinafaa. Kwa binadamu, BTK kikikosekana ishara hiyo hufifia, na karibu seli zote huishia hapo. Ndiyo maana daktari akimwambia mtoto mwenye kasoro hii apanue kinywa, tonsili hazionekani au ni ndogo mno: seli za kuzijaza hazikufika.

Ishara isipokatika nayo ni balaa, kama inavyotokea katika baadhi ya saratani za seli B. Dawa ya ibrutinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hujifunga kwenye sisteini ya 481 ya BTK na kukizuia kufanya kazi.

Mzazi, kingamwili alizopewa mtoto na mama yake hupungua katika miezi ya mwanzo. Mwanao wa kiume akianza kuugua masikio na mapafu tena na tena baada ya hapo, mwombe daktari ampime kingamwili. Tiba aliyoianza Bruton ingali inawafikisha watoto hawa utu uzima.