Dalili na Mwisho Wake: Bwana Msa, Inspekta Wingo na Sokwe wa Gombe

Uhakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili umezoea kuanza na swali la nasaba: Muhammed Said Abdulla aliazima kiasi gani kutoka kwa Arthur Conan Doyle? Kiko cha Bwana Msa, pamoja na sahibu yake Najum ambaye kazi yake kubwa ni kutoona kile ambacho mwenzake amekwisha kukiona, vimetumika mara nyingi kama ushahidi wa kutosha. Swali hilo si baya, ila limechoka. Limewafanya wahakiki waifuatilie njia ambayo mhusika alipitia kufika Unguja, wakasahau kutazama namna anavyofikiri akiisha kufika. Swali lenye faida zaidi ni hili: katika masimulizi ya upelelezi, nani anaujua mwisho, na anaujua tangu lini?

Ili swali hilo lijibike, riwaya mbili za upelelezi zinasomwa hapa sambamba na kitabu ambacho kwa kawaida hakiwekwi nazo katika rafu moja, yaani In the Shadow of Man (1971), kumbukumbu za Jane Goodall kuhusu miaka yake ya kwanza miongoni mwa sokwe wa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika. Uhusiano wa vitabu hivi si wa bahati nasibu. Vyote vimejengwa juu ya kusubiri, kuchungulia, na kuipa maana alama ndogo iliyoachwa na kiumbe asiyetaka, au asiyeweza, kujieleza.

Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, bado ndiyo kazi ya Abdulla inayostahili kusomwa kwanza. Nguvu yake haimo katika mauaji yenyewe bali katika jibu ambalo tayari lipo kabla upelelezi haujaanza. Kifo kinahusishwa na mzimu. Jamii ina maelezo, na maelezo hayo yanakubalika. Mpelelezi wa kawaida wa Kizungu hukuta ombwe la maarifa na kulijaza. Bwana Msa hukuta maarifa yaliyojaa tele, naye hana budi kuyaondoa kwa adabu, bila kuwavunjia heshima wanaoyashikilia. Ndiyo maana mazungumzo katika riwaya hii huchukua nafasi ambayo kwa Doyle ingechukuliwa na vipimo na majivu ya sigara. Bwana Msa hupeleleza kwa kusikiliza: nani anamwitaje nani, nani amekatiza salamu, utani umeishia wapi. Elimu yake ni elimu ya ujamaa na majirani, na Kiunguja chenye mzaha ndicho chombo chake cha kazi. Katika Kisima cha Giningi (1968), ambayo jina lake tu linawaamsha wachawi katika fikra za msomaji wa Visiwani, mbinu hiyo inarudiwa kwa ustadi zaidi wa lugha, ingawa mshangao umepungua.

Hata hivyo kuna dosari ambayo sifa hizi haziifuti. Abdulla huficha. Bwana Msa huona jambo, hutabasamu, huvuta kiko, na msomaji haambiwi kilichoonekana. Maelezo hukusanywa hadi mwisho, kisha hufunguliwa kwa mkupuo, na kila dalili huenda kukaa mahali pake. Hakuna inayobaki. Ukamilifu huo unaridhisha kwa usomaji wa kwanza. Kwa usomaji wa pili hugeuka kuwa udhaifu, kwa sababu inadhihirika kwamba dalili hazikuwa dalili kamwe. Zilikuwa vipande vya jibu vilivyosambazwa na mtu aliyekuwa nalo mkononi tangu ukurasa wa kwanza.

Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) inahitaji maneno machache. Inspekta Wingo ni mtumishi wa dola, mji ndio uwanja wake, na taharuki inakwenda kwa kasi ambayo Abdulla hakuitafuta. Kasi hiyo ilifungua njia kwa waandishi wengi wa miongo iliyofuata, na hapo ndipo umuhimu wake wa kihistoria ulipo. Lakini dalili kwake ni ngazi ya kupandia tu. Ikishakanyagwa haitazamwi tena.

Goodall alifika Gombe Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, akifuatana na mama yake kwa kuwa wenye mamlaka hawakukubali akae porini peke yake. Sura za mwanzo ni upelelezi usio na mtuhumiwa wa kukamatwa: sokwe wanamkimbia, naye anakaa juu ya kilele na darubini yake, akihesabu viota. Kisha dume aliyempa jina la David Greybeard anaonekana akichomeka vijiti katika kichuguu ili kutoa mchwa. Ugunduzi huo, uliotikisa imani kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye zana, unasimuliwa bila tarumbeta. Vivyo hivyo kisa cha Mike, sokwe wa hadhi ya chini aliyejipatia ukuu kwa kuyabamiza madebe matupu ya mafuta ya taa mbele ya wakubwa zake. Ni kisa cha kuchekesha, na mwandishi anajua kukiacha kichekeshe. Si kila sura ina uhai huo. Kurasa za kituo cha ndizi zinachosha, japo zina uaminifu wa kukiri kwamba mtazamaji alikuwa ameanza kuibadili jamii aliyokuja kuitazama.

Thamani ya kitabu hiki kwa mhakiki wa riwaya ya upelelezi, hata hivyo, imeonekana baada ya kuchapishwa kwake. Mwaka 1971 Goodall aliwaona sokwe wa Gombe kuwa jamii yenye ugomvi wa hapa na pale, lakini kwa jumla yenye upole. Kati ya 1974 na 1978 kundi la Kasakela liliwaangamiza wenzao wa zamani waliojitenga upande wa Kahama. Mwaka 1975 jike aitwaye Passion alimnyang'anya Gilka mtoto wake mchanga, akamuua na kumla. Yeye na binti yake, Pom, waliendelea kuua watoto wengine. Goodall aliyaeleza hayo baadaye, katika Through a Window (1990). Anayerudi sasa kwenye kitabu cha 1971 anamkuta Passion humo, akitajwa kama mama asiyejali mwanawe. Gilka naye yumo, mtoto mchezaji ambaye baadaye mkono wake unadhoofishwa na polio. Muuaji na aliyetendewa wamo katika kurasa zilezile, na aliyewaandika hakujua.

Hiyo ni dalili ya aina ambayo Abdulla hakuweza kuibuni. Iliwekwa na mtu asiyejua mwisho, na kwa hiyo haikuandaliwa imfae yeyote. Ubaridi wa Passion kwa Pom hauthibitishi lolote. Upo tu, kama jambo lililoonwa.

Pale Bwana Msa anapomzidi Goodall ni katika kuwajua watu. Rashidi Kikwale na wenzake waliomwongoza milimani wanatajwa kwa heshima katika In the Shadow of Man, lakini mara nyingi kama wenye miguu imara na macho makali, si kama wenye tafsiri. Najum, pamoja na ujinga wake wote, huruhusiwa angalau kukosea kwa sauti.

Ukimya huo una uzito zaidi mtu akikumbuka nani aliyeyaona mauaji. Shambulio la kwanza dhidi ya Kahama, Januari 1974, lilishuhudiwa na Hilali Matama. Baada ya wanafunzi wanne kutekwa nyara Gombe, Mei 1975, watafiti wa kigeni waliondoka, na watazamaji wa Kitanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe kutwa, wakiandika walichokiona. Waliandika kwa Kiswahili. Kilichosomwa duniani ni tafsiri na majumuisho. Maandishi yenyewe ni nathari ya Kiswahili ya miaka mingi, iliyoandikwa porini na watu wasiojua kisa kingeishaje, nayo bado inatumika kama data ya elimu ya wanyama. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambao umetumia nguvu nyingi kumtafutia Bwana Msa babu yake London, haujaiuliza nathari hiyo swali hata moja: inachagua vitenzi gani, inamtajaje muuaji, na inanyamaza wapi.