Skripti inayosahau Tab imefanya nusu ya kazi

Wandugu, katika magrupu yetu zinazunguka skripti za kutayarisha GDAL kwenye Linux. Unaichukua, unaiita mu .bashrc, basi. Nyingi zinapanga PATH, kisha zinanyamaza. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi.

GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, ndiyo hata QGIS inategemea kusoma picha za satelaiti. Ukitaka kupeleka picha ya bonde la Lukuga katika UTM 35S, unaandika:

gdalwarp -t_srs EPSG:32735 picha.tif mupya.tif

Kistari kimoja cha katikati, kingine cha chini. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa anakosea herufi moja, anafungua intaneti kutafuta, mega zinaisha. Wengine wanaachia hapo, wanasema "teminali si ya sisi."

Tangu toleo 3.11, la 2025, kuna pia komandi moja ya pamoja, gdal. Unabonyeza Tab mara mbili, inakuonyesha: raster, vector na zingine. Unaendelea, inakuonyesha chaguo zake. Bila koneksio. PATH inaambia mashini chombo kiko wapi. Tab inakuambia wewe kinaweza kufanya nini.

Kwa nini basi skripti zinaisahau? Juu PATH ikishafanyiwa export, inarithiwa na kila programu unayofungua. Ukamilishaji wa Tab haurithiwi: unabaki ndani ya bash ile iliyousoma. Kwa hiyo lazima usomwe kila mara, kupitia .bashrc. ROS 2, programu ya maroboti, inajua hilo: setup.bash yake inaleta Tab, setup.sh inaleta mazingira tu.

Kwa GDAL uliyoweka wewe mwenyewe, mstari mmoja unatosha (RACINE ni folda ulipoiweka):

case $- in *i*) [ -n "$BASH_VERSION" ] && . "$RACINE/share/bash-completion/completions/gdal";; esac

Ile *i* inazuia isisomwe pale ambapo hakuna mtu kwenye klavye.

Kuna wanaosema Tab inafundisha uvivu. Hapana. Kukariri vistari si agronomia. Wewe unayegawa skripti, ongeza mstari huo mbele ya kuituma.