Dume na Jike Tezini

Usukani wa manowari ya matanga haukupigiliwa misumari chomboni. Ulining'inia. Ukingo wake wa mbele ulikuwa na pini nene za chuma zilizoelekea chini, na kila pini iliingia katika tundu la chuma kingine kilichokazwa kwenye fashini, ule mti wa tezi unaosimama juu ya mkuku. Pini ni dume, tundu ni jike. Kuupachika ni kuushusha, kuuvua ni kuuinua, kama mlango kwenye bawaba zake. Mwenye mashua ya Lamu anayevua usukani chombo kikipwelewa hahitaji maelezo zaidi.

Sasa chukua kazi hiyo uipunguze mara 48. Hicho ndicho kipimo cha mifano mingi ya merikebu iliyoundwa Uingereza zama hizo za matanga, aghalabu kwa mti wa mpeasi, ambayo mingine imehifadhiwa katika makumbusho ya bahari ya Greenwich, London. Ukanda wa chuma wenye upana wa sentimita 10 unabaki milimita 2 na kidogo. Pini nene kama kifundo cha mkono wa mtoto inabaki waya.

Fundi wa mifano huanza na mbao. Ukingo wa mbele wa usukani haufai kubaki bapa. Hulazwa kwa tupa na msasa pande zote mbili mpaka ufanye mgongo katikati, la sivyo ukigeuzwa pembe zake zitagota fashini. Katikati ya pini hupita juu ya mgongo huo. Ukiona mfano ambao usukani wake umesimama mbali na fashini, ukucha unapita kwenye mwanya, ujue aliyeuunda aliiruka hatua hii na kusogeza vyuma nje ili kitu kipate kuzunguka. Kinazunguka, sawa. Lakini manowari haikuwahi kuwa na pengo la namna hiyo.

Ukanda wa dume hauna usumbufu mkubwa: kipande cha shaba ya manjano hukunjwa kikaukumbatia usukani pande mbili, na waya mfupi ukatiwa lehemu kwenye kona. Jike ndilo linalomtoa mtu jasho. Mikono yake hulala juu ya mbao za ubavu, na ubavu wa merikebu huko nyuma ni mwembamba karibu na mkuku, kisha hutanuka kadiri unavyopanda. Kwa hiyo jike la chini mikono yake hukaribia kuwa sambamba, linalofuata limefunguka kidogo, la juu limefunguka zaidi. Hakuna mawili yanayolingana. Kila moja hukunjwa, hujaribiwa mahali pake, hutolewa, hukunjwa tena unywele mmoja. Hapo pia ndipo fundi hugundua kwamba ubavu wa kulia na wa kushoto, alioapa kuwa ni sawa, si sawa.

Halafu matundu yote sharti yakae kwenye mstari mmoja ulionyooka. Moja likiingia ndani au kukengeuka kidogo tu, usukani utakaza. Utaulazimisha leo, na kesho lehemu itaachia. Fundi stadi hapimi kila tundu peke yake. Hupitisha waya mmoja mrefu, ulionyooka kabisa, katika majike yote kabla ya gundi kukauka, akauacha waya uyapange. Napenda hila hii kuliko jambo lingine lolote katika kazi nzima. Mstari ambao jicho lingehangaika kuukisia unapewa mwili kwa saa chache, kisha unachomolewa.

Ukali huu si wa bure. Katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, gurudumu la kuongozea la manowari ya Kiingereza HMS Victory lilivunjwa na mizinga, nao mabaharia wakashuka chini kuielekeza meli kwa kuvuta kana yenyewe, ule mti unaougeuza usukani. Gurudumu likienda, kana ipo. Pini zikienda, hakuna pa kukimbilia.

Kuhusu rangi, wengi huvipaka vyuma hivi weusi bila kufikiri. Kwa merikebu ya mwaka 1750 hawakosei. Lakini Waingereza walianza kujaribu kufunika matumbo ya manowari kwa mabati ya shaba kwenye HMS Alarm mwaka 1761, na baadaye wakaona chuma kilichogusana na shaba majini kikilika vibaya. Hatimaye vyuma vya usukani vikawa vya mchanganyiko wa shaba. Tumbo la shaba lenye bawaba nyeusi za chuma linanikera, hata mikunjo iwe safi namna gani.

Kabla ya kuushusha usukani, chini ya kila dume huchongwa pango dogo kwenye mbao. Bila pango hilo hauwezi kuinuliwa ukaingizwa, maana jike halina pa kupita. Lakini njia ya kuingilia ni njia ya kutokea pia: wimbi likiugonga kutoka chini, lingeung'oa. Kwa hiyo mabaharia walikaza kipande cha mbao ndani ya pango mojawapo, chini tu ya jike, kuuzuia usipande. Kwenye mfano kipande hicho ni kidogo kuliko punje ya mchele, na hushikwa kwa kibanio. Huwekwa mwisho, baada ya usukani kugeuzwa kulia na kushoto na kuthibitika kwamba haugoti popote, kwa sababu kikishagandishwa, kuuvua tena ni kuvunja.