Fito za Tendaguru

Fundi wa makumbusho anayetundika kanga kuukuu kwa sumaku hagusi msumari wala sindano. Huandaa bamba la chuma lililofunikwa kitambaa laini, akailaza kanga juu yake, kisha mbele akapachika sumaku ndogo zilizovikwa kitambaa cha rangi ileile zisionekane. Kanga inabanwa bila kutobolewa. Siku ya kuishusha, sumaku zinabanduliwa na hakuna uzi uliokatika.

Kazi hiyo hunikumbusha mafundi wa Lindi waliokuwa na mtihani mzito zaidi. Tendaguru ni kilima kilicho kilometa 60 hivi kutoka mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu walifukua huko mifupa ya dinosaria kwa ajili ya makumbusho ya Berlin, Vita vya Majimaji na njaa yake vikiwa havijasahaulika. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 aina moja ya dinosaria wa Tendaguru iliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Mfupa uliolala ardhini miaka milioni 150 umejaa nyufa. Ukiunyanyua ovyo, unabaki na kokoto. Na bandari iko mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mzigo ukiwa kichwani au begani mwa mpagazi. Basi mfupa ulivikwa kitambaa, ukakandikwa plasta au udongo, kisha ukazungushiwa fito za mwanzi zilizokazwa kwa kamba. Tazama vizuri: fito, kamba, udongo. Ni nyumba ya pwani ileile, iliyojengwa safari hii kwa kipimo cha mfupa. Udongo unajaza kila pengo mfupa usicheze. Mwanzi mwepesi unapinda mzigo unapogongwa, pigo lisifike ndani. Mkono uliozoea kukandika ukuta haukuhitaji kufundishwa hayo.

Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hivyo. Mwaka 1937 mnyama mmoja alisimamishwa Berlin, na baada ya kujengwa upya mwaka 2007 ana kimo cha mita 13.27. Fremu yake mpya ya chuma inapendeza: mfupa mmoja mmoja unaweza kutolewa uchunguzwe bila kubomoa mwili mzima. Wageni humwangalia huyo mrefu, nami simlaumu yeyote. Ila heshima yangu ya kwanza nawapa waliofunga mifupa hiyo.

Baadhi ya mafurushi yao yalikaa Berlin karne nzima bila kufunguliwa. Watafiti walipotaka kujua kilichomo, waliyapitisha kwenye mashine ya skani, wakauona mfupa kwenye picha, na nje fito za Lindi zingali zimeukumbatia.